Mtoto Asiyetulia na Mashine ya Mawimbi ya Ubongo

Wazazi na walimu wa Mwanza, na wa mwambao mzima wa ziwa tangu Musoma hadi Bukoba, wanamjua mtoto wa namna hii. Hawezi kuketi darasani dakika kumi. Swali halijaisha, yeye amekwisha kujibu. Akitumwa dukani hurudi mikono mitupu. Huyu husema ni mtukutu, yule husema amerogwa, na mara nyingi dawa yake huwa ni fimbo. Kumbe baadhi ya watoto hawa wana hitilafu ya kweli, nayo huitwa upungufu wa umakini na utukutu uliozidi.

Sasa wapo wanaouliza: je, si afadhali mtoto apimwe mawimbi ya ubongo ili ukweli ujulikane mara moja? Swali hili lastahili jibu, kwa maana ndani yake mna fedha ya mzazi na masomo ya mtoto.

Ubongo hutoa umeme mdogo sana. Daktari wa Kijerumani, Hans Berger wa mji wa Jena, aliunasa umeme huo kwa binadamu mwaka 1924, akatangaza habari zake mwaka 1929. Visahani vidogo hubandikwa kichwani, na mashine huchora mawimbi. Kipimo hiki hakiumizi, wala hakimtii mtoto umeme.

Baadaye wataalamu waliona kwamba baadhi ya watoto wasiotulia wana mawimbi mengi ya polepole, yaitwayo theta, kuliko yale ya haraka, yaitwayo beta. Mwaka 2013 serikali ya Marekani iliruhusu kifaa cha kulinganisha mawimbi hayo kiwe msaada kwa daktari. Lakini mwaka 2016 chama cha madaktari wa mishipa ya fahamu cha nchi hiyo hiyo kilishauri kwamba ulinganisho huo usitumiwe kuthibitisha hitilafu hii, isipokuwa katika utafiti. Sababu ni kuwa huweza kumpa mtoto mzima jina la ugonjwa, na kumkosa aliye nao.

Hata hivyo, mashine hii inayo kazi yake. Kuna kifafa kisichomwangusha mtoto: huduwaa kwa sekunde chache, macho yakatulia, kisha akaendelea kana kwamba hapakuwa na neno. Mwalimu hudhani hasikilizi. Hapo kipimo cha mawimbi chaweza kufichua ugonjwa ambao una dawa. Nasi tunaokaa penye malaria hatuna budi kukumbuka kwamba malaria kali ya kichwa yaweza kuacha kifafa nyuma yake.

Basi hitilafu ya umakini hutambuliwaje? Kwa ushahidi wa watu. Daktari huwauliza wazazi, humwuliza na mwalimu. Dalili ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, ziwe zimeanza kabla ya umri wa miaka 12, na zionekane mahali pawili au zaidi, kama vile nyumbani na shuleni. Kabla ya hapo mtoto apimwe macho na masikio, na usingizi wake uulizwe. Damu yake nayo ipimwe, kwa kuwa kichocho na minyoo, maradhi tuyajuayo sana huku ziwani, humpunguzia mtoto damu na nguvu ya kujifunza.

Twawasihi wazazi wasikimbilie mashine wala fimbo. Waanzie zahanati; na ikihitajika rufaa, Bugando imekuwa ikipokea wagonjwa wa kanda hii tangu mwaka 1971. Twawasihi walimu nao waandike wanayoyaona, wamketishe mtoto huyo mbele, wampe kazi fupi fupi, na wamsifu akitimiza. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi; lakini kukunja si kuvunja.