Mavuno ya Mpunga Katika Bonde la Kilombero

Mgeni afikaye Ifakara mwezi wa Juni huweza kuuliza, "Je, sikukuu yenu ya mavuno ni siku gani?" Hatapewa tarehe, maana kwa Wandamba, Wapogoro, Wambunga na Wabena wa bonde hili furaha ya mavuno si siku moja. Ni kurudi nyumbani kutoka shamba.

Mvua zianzapo, karibu na Desemba au Januari, jamaa nyingi huchukua vyombo vyao na kwenda mashamba ya mbali yafikiwayo na maji ya mto, wakakaa vibandani hata wavune. Kati ya Machi na Mei maji hujaa. Mpunga ukisha kutoa masuke, watoto hupanda juu ya dungu tangu alfajiri, wakipiga kelele na kurusha udongo kwa kombeo. Kwa maana kwelea wakishuka kwa makundi, kazi ya mwaka yaweza kwisha kwa siku chache. Walimu wajua sana jambo hili, maana ndipo madawati yabakipo matupu. Twasema bila kulaumu. Ndege hangoji kengele.

Kabla mpunga haujakauka, hukatwa kidogo. Hukaangwa chunguni pamoja na maganda yake, hutwangwa ungali moto hata ukawa bapa, kisha hupepetwa. Hiyo ndiyo pepeta. Huliwa papo hapo kinuni, na jirani apitaye hanyimwi. Ile iuzwayo sokoni, iliyokwisha kulala, si kitu mbele yake.

Magunia yakifika nyumbani, huja pombe, arusi, na ngoma kama sangula. Wako Wapogoro watambikao kwa unga na pombe, wakiwakumbuka wafu wao. Wakristo hupeleka kikapu cha mpunga kanisani. Na huo ndio wakati wa hatari. Wachuuzi hununua kwa bei ndogo, kwa kuwa kila nyumba yauza. Ifikapo Januari au Februari, nyumba zile zile hununua mchele kwa bei kubwa, na jembe lawangoja. Kwa hiyo mama mwenye busara hutenga mbegu kwanza, kisha chakula cha kufikia mavuno mengine. Kinachosalia ndicho cha arusi.

Waume wengine hununa, wakisema wameaibishwa mbele ya wageni. Lakini Februari, huko shambani, hao hao ndio waulizao kama chungu kimekwisha kutelekwa.