Magadi yenye maji na yasiyo na maji: mpiga picha atayatambuaje?

Anayejichanganyia nyumbani dawa ya kusafishia filamu, hapa Kigali au kwingineko, hana budi kujua jambo moja kabla ya kugusa mizani: je, sodiamu kaboneti aliyoinunua imebeba maji ndani yake? Akikosea kipimo, picha zitatoka hafifu, na tukio lililokwisha kupita halipigwi mara ya pili.

Chumvi hiyo hupatikana kwa namna tatu. Ya kwanza, isiyo na maji, ni unga mweupe. Ya pili ina molekuli moja ya maji, na kwa macho ni vigumu kuipambanua na ya kwanza. Ya tatu, yenye molekuli kumi, ni fuwele angavu ambazo hugeuka unga zikiachwa wazi. Kanuni ikitaka gramu 100 za ile ya kwanza, ya pili hupimwa gramu 117, na ya tatu gramu 270.

Lebo isiposema, joto hufichua. Pima gramu 10, zipashe polepole hadi nyuzi 150 katika chombo kisichotumika kwa chakula, mpaka uzito usipungue tena. Ya kwanza hubaki karibu gramu 10. Ya pili, 8.5, ya tatu, 3.7.

Magadi ghafi, kama yale ya Ziwa Magadi nchini Kenya, yasitumiwe badala yake: yamechanganyika na bikaboneti, ambayo hupunguza nguvu ya dawa.

Hatimaye, funga chupa barabara. Wakati wa mvua, hata unga mkavu hunywa unyevu wa hewani.