Jezi namba 33 iliyosubiri karibu miaka 13

Kijana wa Kimamba akigombana na kocha, jezi huishia sakafuni na kiapo cha kutocheza tena. Mzazi anayetafuta la kumwambia amsimulie habari za Patrick Roy.

Roy alikuwa golikipa wa Montreal Canadiens, timu ya mpira wa magongo wa barafuni ya Kanada. Aliisaidia kutwaa ubingwa 1986 na 1993. Desemba 2, 1995, wakiwa nyumbani, Detroit waliwachapa 11-1. Kocha Mario Tremblay, ambaye zamani walicheza naye timu moja, alimwacha golini hadi akafungwa mabao tisa. Alipotolewa, Roy alimpita kocha bila neno, akamfuata rais wa klabu nyuma ya benchi na kumwambia hiyo ndiyo mechi yake ya mwisho Montreal.

Siku nne baadaye alihamishiwa Colorado. Msimu huohuo akatwaa ubingwa.

Colorado waliitundika jezi yake 2003, asiivae mwingine tena. Montreal, waliomlea, walifanya hivyo Novemba 22, 2008. Mashabiki walisimama na kumshangilia, lakini katika uwanja mwingine. Ule wa ugomvi timu iliuhama tangu 1996.