Akili unde ilihamisha programu kwa dakika 10, mimi nikairekebisha wiki tatu

Chumba nambari 14 kilitumia yuniti 6.5 za maji mwezi huo. Programu ya zamani ingemdai mpangaji Sh1,050. Yangu mpya ilimdai Sh900. Aliyegundua ni keateka wa ploti, mama anayeandika kila kitu kwenye daftari.

Ploti yenyewe iko Kitengela, na ina kisima chake na mita ndogo kwa kila mlango. Mwenyewe anaishi Kajiado mjini. Kwa miaka alitumia programu huria iliyoandikwa kwa PHP 5, lugha ambayo toleo hilo lake liliacha kupata marekebisho ya usalama mwisho wa 2018. Mimi ni mtu wa Python. (Ukimwambia mtu wa Kitengela unaandika "kodi", atakuuliza kama kuna bedsita iliyo wazi. Wacha niseme msimbo.)

Nikaipa akili unde msimbo wote, nikaiambia iuhamishie Python. Dakika kumi, kazi kwisha. Iliandika hadi majaribio, na yote yakapita. Yangekosaje? Ilijitungia mtihani, ikaufanya, ikajisahihishia.

Tatizo lilikuwa neno moja tu, "round", lililo katika lugha zote mbili na linalofanana kama pacha. PHP ikikuta nusu hupanda: 6.5 inakuwa 7. Python ikikuta nusu huenda kwenye nambari shufwa iliyo karibu: 6.5 inakuwa 6, lakini 7.5 inakuwa 8. Kwa hivyo mlango huu unapunguziwa Sh150, ule wa pili uko sawa, na ukitazama juujuu huoni kitu.

Kabla hujanicheka, jua kuna watu waliopitia safari hii wakiwa na mzigo mzito kuliko bili ya maji. Mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, Nandi, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwa Microsoft Access. Wagonjwa wa HIV chini ya mpango wa AMPATH wa Eldoret walipozidi, Access ikalemewa. Mfumo mwingine, OpenMRS, ukaanza kubuniwa 2004 kwa Java, na 2006 ukawashwa Eldoret. Hawa hawakunakili mstari kwa mstari. Walianza na kamusi ya dhana za kitabibu: ukitaka kuuliza jambo jipya kwenye fomu, unaliongeza kwenye kamusi, huhitaji kubomoa jedwali ili uweke safu nyingine. Hilo mashine ya kutafsiri msimbo haiwezi kukufikiria. Na KenyaEMR, inayotumika katika kliniki nyingi za HIV nchini, imejengwa juu ya OpenMRS hiyohiyo.

Timu kama yao sikuwa nayo, ila daftari la mama lilikuwepo. Nikaingiza miezi sita ya rekodi zake kwenye programu zote mbili, nikalinganisha matokeo mlango kwa mlango. Kazi ya kuchosha, wacha nisidanganye. Ile ya nusu nikairekebisha. Halafu nikakuta nyingine, na hii ndiyo iliyoninyima usingizi.

Kuna mpangaji mzee aliyeingia Januari 31. Ukiongeza mwezi mmoja hapo, PHP hutafuta Februari 31, haipati, inaruka hadi Machi 3. Basi miaka yote mzee amekuwa akilipa tarehe 3. Python yangu ilisimama Februari 28, ikaanza kumhesabia faini ya kuchelewa.

Nani amekosea hapo? Ya zamani ndiyo yenye hitilafu. Lakini mtu amepanga maisha yake juu ya hitilafu hiyo.

Nikapanda matatu kupitia Isinya hadi Kajiado kumuuliza mwenye ploti. Akasema mzee amezoea tarehe 3, asiguswe. Usiku huo nikaandika kwa mkono mistari minne ya Python ambayo kazi yake ni kukosea sawasawa na PHP.