Haki ya Majeruhi wa Bodaboda: Sehemu ya Pili

Juma lililopita tulieleza jinsi mahakama igawanyavyo lawama baina ya dereva wa gari na mwendesha bodaboda, na ya kwamba aliyekuwa hana helmeti, au aliyepakia abiria wawili hali sheria imemruhusu mmoja tu, aweza kupunguziwa fidia yake bila ya kunyimwa yote. Leo twalijibu swali ambalo haliishi katika steji za Kware, mtaa ule wa Embakasi Kusini uliopata jina lake kwa machimbo ya mawe ya kujengea: "Mimi nalipa bima ya pikipiki yangu; nikigongwa, si bima hiyo itanilipa?"

Jawabu, ijapokuwa ni chungu, ni la. Bima iliyofaradhishwa na Sura ya 405 ya Sheria za Kenya ni bima ya mtu wa tatu, yaani yamkinga yule utakayemdhuru wewe, wala haikukingi wewe nafsi yako. Abiria aliyelipa nauli yumo ndani yake, mpita njia yumo, mama auzaye sukuma wiki kando ya barabara yumo. Wewe uliyezitoa fedha hizo umesimama nje, kama mwenye nyumba aliyefungiwa mlango wake mwenyewe. Hata jirani uliyempakia kwa ihsani, bila ya nauli, si lazima awemo, kwa kuwa faradhi hiyo yawahusu abiria wa kulipa na wale wachukuliwao kwa mkataba wa kazi. Na mwendeshaji aliyeumia kwa taksiri yake mwenyewe hana wa kumdai, ila awe amejikatia bima ya ajali ya nafsi yake, ambayo ni mkataba mwingine na wenye bei yake. Kwa maoni yangu, waliotunga sheria hii walimfikiria tajiri aliyeketi ndani ya motokaa, wala hawakumfikiria kijana ambaye kiwiliwili chake ndicho ubavu wa chombo.

Basi haki ya majeruhi imo katika bima ya yule aliyemgonga, na haki hiyo, aghalabu, hupotea katika saa za mwanzo, kabla wakili yeyote hajaisikia habari yake. Tumfikirie kijana aliyegongwa na lori katika barabara ya Outering, amelala na mguu uliovunjika, na wenzake wamekwisha kusanyika. Ghadhabu yao naifahamu, kwani wamewazika wengi. Walakini wale wanaokimbilia kulichoma gari hawamlipizii kisasi mwenzao, bali wanaichoma daawa yake. Katika kioo cha gari lile mna cheti cha bima chenye jina la kampuni na muda wa bima yenyewe. Katika breki zake na mikwaruzo ya bamba lake mna ushahidi ambao mkaguzi wa magari angeuandika. Na dereva ambaye angekuwa mdaiwa amekwisha kukimbia, naye akipatikana atakuwa mlalamikaji. Mtu mmoja aliye na simu, akiipiga picha namba ya gari na cheti kile, kisha akachukua majina ya watu wawili walioshuhudia, amemfaa majeruhi kuliko umati mzima wenye petroli.

Ajali ikisha kuandikwa polisi na namba ya OB kupatikana, na iombwe abstrakti ya polisi, na isomwe papo hapo, neno kwa neno, maana tarakimu moja iliyokosewa katika namba ya gari yaweza kukuelekeza kwa mtu asiyehusika. Aliyesajiliwa katika daftari la NTSA huhesabiwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Hospitalini, Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Kila risiti na ihifadhiwe, hata ya magongo na ya teksi ya kurudi nyumbani, kwani Mahakama ya Rufani katika kesi ya Hahn dhidi ya Singh ya 1985 ilikariri kwamba hasara ya namna hii sharti itajwe waziwazi katika madai na ithibitishwe kikamilifu. Pato la mwendeshaji nalo lina ithibati zake: taarifa ya M-Pesa, malipo ya mkopo wa pikipiki, michango katika kitabu cha steji.

Sasa tumtaje broka. Huyu hufika wodini akiwa na kalamu na karatasi, pengine kabla ya mke wa majeruhi, akiahidi wakili asiyelipwa mpaka kesi ishinde. Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, haiupi nguvu mkataba wa wakili kulipwa kwa sharti la kushinda tu, na kuwatafutia mawakili wateja kwa malipo ni jambo lililoharamishwa. Hapana haja ya kusainishwa ukiwa kitandani, maana muda wa kufungua daawa ya namna hii ni miaka 3 tangu siku ya ajali. Ila gari likiwa la Serikali, muda ni miezi 12 tu. Wakili mwaminifu huipelekea kampuni ya bima arifa ya kesi mapema, kwa kuwa pasipo arifa hiyo kampuni yaweza kuikwepa hukumu. Tena dhamana yake kwa Sura ya 405 ina kikomo cha shilingi milioni 3, na kinachozidi hudaiwa mwenye gari. Asiye na uwezo aende Kituo cha Sheria, kilichoasisiwa mwaka 1973, au katika Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Mahakama ya Madai Madogo, yenye mpaka wa shilingi milioni 1, imetajiwa fidia ya majeraha katika sheria yake. Lakini majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana juu ya daawa za ajali kupelekwa huko, basi uliza kwanza kabla ya kulipa ada.

Nawaomba wenyeviti wa steji walisome hili kwa sauti: kampuni ya bima ikileta hundi pamoja na hati ya kuridhia, hati hiyo ndiyo mwisho wa daawa, hata kama mfupa haujaunga na daktari anataka kupasua tena. Msimwache mwenzenu atie kidole gumba akiwa peke yake. Juma lijalo, inshallah, tutaeleza haki za wajane na mayatima wa mwendeshaji aliyefariki.