Fumbo la Msumeno wa Meno

Mifupa ya mnyama ikigeuka kuwa mawe huweza kudumu ardhini kwa mamilioni ya miaka. Papa na jamaa zake, hata hivyo, hawana mifupa. Viunzi vyao ni vya gegedu, kama ile iliyo katika sikio la binadamu. Gegedu huoza upesi, na kwa kawaida kinachosalia ni meno tu. Kwa hiyo mtaalamu wa visukuku hulazimika mara nyingi kumkisia samaki mzima kwa meno yake.

Mfano mmoja ni Helicoprion, aliyeishi baharini yapata miaka milioni 290 hadi 270 iliyopita. Mwaka 1899 mtaalamu wa Kirusi, Alexander Karpinsky, alieleza kisukuku chake kilichotoka milima ya Ural: safu ya meno makali iliyozongwa kama ukili, madogo yakiwa katikati na makubwa nje. Jina hilo, lenye asili ya Kigiriki, lina maana ya msumeno uliojiviringa. Je, msumeno huo ulikaa wapi? Karpinsky aliuchora ukijikunja juu ya pua. Wengine waliuweka mgongoni, wengine mkiani. Haikuwapo gegedu ya kukata shauri.

Hatimaye gegedu ilionekana katika jiwe lililopatikana mwaka 1950 huko Idaho, Marekani. Maelezo yake ya mwaka 1966 yaliuweka msumeno katika taya la chini. Mwaka 2013 Leif Tapanila na wenzake walilipiga jiwe hilo picha za eksirei na kuziunganisha kwa kompyuta, wakayaona mataya yaliyofichika ndani bila ya kulivunja. Msumeno ulilijaza taya la chini. La juu halikuwa na meno kama hayo. Meno mapya yaliota nyuma, na ya zamani yakasogea mbele, kisha yakazama chini ndani ya gegedu. Papa wa leo huangusha meno yaliyochakaa, lakini Helicoprion aliyahifadhi yote. Vijino vya katikati, basi, ni vya utoto wake.

Mataya hayo yalionyesha jambo jingine: taya la juu lilivyoungana na fuvu, kiumbe huyu hakuwa papa halisi, bali jamaa wa karibu wa samaki waitwao kimera.

Kiwiliwili chake, pamoja na mapezi na mkia, bado hakijapatikana. Mwanafunzi aonapo mchoro wa Helicoprion akiwa mzima, yafaa aulize ni sehemu ipi imeonekana katika jiwe, na ni ipi iliyokisiwa.