Kenya: Jinsi dawa inavyoichelewesha plaiwudi kushika moto

Moto uliozuka usiku wa kuamkia Juni 28, 2018 katika soko la Gikomba jijini Nairobi uliua watu 15 na kujeruhi makumi ya wengine. Taarifa za wakati huo zilieleza kuwa ulianzia kwenye eneo la kuuzia mbao.

Katika masoko kama hilo, plaiwudi hupendwa kwa kutenganisha vibanda kwa kuwa ni nyepesi na hukatwa kwa urahisi. Wepesi huo ndio hatari yake. Gogo nene likiungua hujifunika kwa tabaka la makaa linalokinga kiini chake. Plaiwudi nyembamba hutobolewa na moto kabla kinga hiyo haijajengeka.

Kinachotoa mwali ni gesi zinazotoka ndani ya mbao inapofikia joto la takriban nyuzi 300 za Selsiasi. Hapo ndipo dawa huingilia kati. Fosfeti ya amonia, kemikali ambayo wakulima huijua katika mbolea ya DAP, ikipata joto hutoa asidi inayoifanya mbao igeuke makaa na mvuke wa maji, huku gesi za kuwaka zikipungua. Boraksi na asidi ya boriki, kwa upande wake, huyeyuka na kuifunika mbao kwa utando unaofanana na kioo.

Kuipaka plaiwudi dawa hizo kwa brashi hakutoshi, kwani hubaki juu juu. Kiwandani, plaiwudi hufungiwa ndani ya tangi, hewa hufyonzwa, kisha dawa husukumwa ndani kwa shinikizo kabla ya mbao kukaushwa upya.

Nyingi ya chumvi hizo huyeyuka katika maji, hivyo plaiwudi inayonyeshewa hupoteza kinga. Joto nalo lina madhara. Nchini Marekani, katika miaka ya 1980, baadhi ya plaiwudi za mapaa zilizotiwa dawa zilibadilika rangi na kuanza kumeguka baada ya miaka michache: joto la jua lilikuwa limeiamsha asidi ile ile iliyokusudiwa kusubiri moto. Kwa vibanda vya mabati visivyo na dari, swali la kwanza kwa muuzaji ni iwapo dawa yake ilijaribiwa katika joto la paa.

Hata hivyo, plaiwudi iliyotiwa dawa barabara bado huungua. Mnunuzi hununua dakika chache za kutokea nje.